"Tulilala Mara Tatu": Uchambuzi wa Kisa cha Kurekodi Simulizi ya Mwathirika wa Majaribio ya Nyuklia

Kuhusu kisa hiki

Msimulizi katika kisa hiki ni mwanamke aliyekuwa mtoto katika kisiwa cha Rongelap, Visiwa vya Marshall, mwaka 1954, na ambaye uzeeni aliishi katika mji mmoja wa jimbo la Arkansas, Marekani, ambako watu wa visiwa hivyo wamehamia kwa maelfu. Tulikuwa watu watatu mbele yake: mhoji mkuu, mwanamume aliyebobea katika historia ya vita baridi, mkalimani, mwanamume wa Marshall, na mimi, mwanamke kutoka pwani ya Afrika Mashariki, niliyeshika kinasa sauti na kuandika nakala ya mazungumzo baada ya vikao. Jina la msimulizi, mji, mwaka wa kurekodi na taasisi iliyotutuma vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa pasipo kugusa hoja. Humu ninamwita Mama, kama nilivyokuwa nikimwita.

Aliridhia kisa kifundishwe. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba inaruhusiwa kusema kuna sehemu iliyofungwa, lakini hairuhusiwi kusema ndani yake mna nini. Msomaji atakayeona pengo katika maelezo yafuatayo ajue kwamba limeachwa kwa makusudi.

Usuli

Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya silaha za nyuklia katika visiwa vya Bikini na Enewetak. Kuanzia mwaka 1947 visiwa hivyo vilikuwa amana iliyokabidhiwa Marekani na Umoja wa Mataifa, yaani wenyeji wake walikuwa wamewekwa chini ya ulinzi wa yule yule aliyelipua. Jaribio kubwa kuliko yote, lililopewa jina la Castle Bravo, lilifanyika Bikini tarehe 1 Machi 1954, saa 12 na dakika 45 asubuhi. Wanasayansi walikuwa wametarajia nguvu ya megatoni 5 au 6, megatoni moja ikiwa sawa na tani milioni moja za baruti ya TNT. Bomu likatoa 15, kwa sababu aina moja ya lithiamu iliyokuwamo, ambayo wao waliihesabu kuwa haitashiriki katika mlipuko, ilishiriki.

Rongelap iko mashariki ya Bikini, umbali wa kilomita zipatazo 150. Wingu lilielekea huko. Saa nne hadi sita baada ya mlipuko, majivu meupe ya matumbawe yaliyosagwa yalianza kuanguka juu ya watu, juu ya mapaa, juu ya samaki walioanikwa na ndani ya maji ya kunywa. Kisiwani walikuwapo watu 64, na wengine 18 walikuwa kisiwa jirani cha Ailinginae wakivua na kutengeneza mbata. Jioni ya siku ya pili wanaume wawili waliteremka kwa ndege ya majini wakiwa na vipima mnururisho, yaani mionzi, wakapima kwa muda mfupi, wakaondoka. Watu walihamishwa asubuhi ya tarehe 3, wengi wao kwa manowari, wazee na wagonjwa wachache kwa ndege, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kwajalein. Huko walipewa namba, wakapigwa picha, wakaanza kuchunguzwa chini ya utafiti wa siri uliojulikana kama Mradi 4.1.

Mwaka 1957 walirudishwa Rongelap wakiambiwa kwamba kisiwa ni salama, na madaktari wa Brookhaven, maabara ya utafiti ya Marekani, wakawa wanakuja kila mwaka kuwapima. Uvimbe wa tezi ya shingo, thairoidi, ulianza kuonekana mwaka 1963. Mwaka 1985, baada ya serikali ya Marekani kukataa kuwahamisha, walipanda meli ya shirika la mazingira la Greenpeace na kuhamia Mejatto, kisiwa kidogo kisicho na mengi. Mwaka uliofuata ulianza kutumika Mkataba wa Ushirika Huru kati ya Marekani na Visiwa vya Marshall, uliotenga dola milioni 150 kwa ajili ya madai yote na kuzaa Baraza la Madai ya Nyuklia. Mwaka 2007 Baraza hilo liliamua kwamba watu wa Rongelap wanastahili zaidi ya dola bilioni moja, wakati mfuko wake ukiwa karibu mtupu.

Mama alikuwa na kovu jembamba chini ya shingo, alilolifunika kwa mkufu wa simbi. Alikuwa amekwisha kuulizwa maswali na madaktari, mawakili, waandishi wa habari na watu wa kanisa. Sisi tulikuwa tu wa karibuni zaidi katika foleni hiyo ndefu, ingawa tulijiona tofauti.

Kikao cha kwanza

Tulimkuta sebuleni kwa binti yake, ameketi chini juu ya mkeka, mgongo ukiegemea kochi. Miguuni alikuwa na majani makavu ya mkadi yaliyochanwa nyuzi nyembamba, naye alikuwa akisuka ukingo wa kipepeo cha kujipepea. Nilipouona mkono wake nilimkumbuka bibi yangu akisuka ukili, kwa kuwa kidole gumba kilikuwa kikibana mahali pale pale na jicho halikutazama kazi. Mhoji aliuliza kama anaweza kuweka kazi chini ili majani yasisikike kwenye kinasa sauti. Mama akasema atasuka taratibu.

Mkalimani alikuwa amependekezwa na binti. Katika fomu yetu palikuwa na nafasi ya kuandika uhusiano wa mkalimani na msimulizi, na hapo ilijazwa kwa Kiingereza neno linalomaanisha binamu. Tulilisoma, tukaridhika. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kiingereza kizuri, aliyewahi kutafsiri hospitalini.

Mhoji alikuwa ameandaa maswali 34 yaliyopangwa kwa kufuata saa na tarehe. Alianza na alfajiri ya tarehe 1 Machi. Mama alieleza mwanga uliotokea upande wa magharibi, kisha ngurumo, kisha upepo. Alieleza watoto walivyokimbilia majivu na kuyasugua kichwani, na jinsi yalivyowasha kufikia jioni. Alieleza mama yake alivyomwagia maji ya kisima, ambayo nayo yalikuwa yamebadilika rangi. Yote hayo yanafanana na yaliyosimuliwa hadharani na watu wengine wa Rongelap, na mhoji alikuwa akitikisa kichwa na kutia alama kwenye karatasi yake.

Swali la tisa lilikuwa: mlikaa muda gani kabla ya kuchukuliwa? Mama akajibu, "Tulilala mara tatu." Mhoji alikunjua karatasi nyingine na kusema kwa adabu kwamba kumbukumbu za jeshi zinaonyesha watu walichukuliwa asubuhi ya tarehe 3, saa 50 hivi baada ya mlipuko, kwa hiyo lazima walilala mara mbili. Mkalimani akatafsiri. Mama alimtazama mhoji, akamtazama mkalimani, akasema, "Basi andikeni mbili."

Kuanzia hapo majibu yalikuwa mafupi. Ukisoma nakala, jibu la swali la nane lina mistari 22, na jibu la swali la kumi lina mistari miwili. Hatukuliona hilo siku ile. Tulidhani amechoka.

Katika dakika ya 41 mhoji aliuliza kuhusu watoto: kama aliwahi kupata shida katika uzazi baada ya kurudi kisiwani. Palipita kimya. Mkalimani alizungumza kwa muda, mkono wa Mama ukasimama juu ya majani, kisha ukaendelea kwa kasi zaidi ya mwanzo. Akasema, "Nina watoto. Wote wazima, namshukuru Mungu." Mhoji akatia alama.

Kisha tukafanya kosa ambalo mimi mwenyewe nililiunga mkono siku moja kabla. Tulikuwa na nakala ya picha kutoka taarifa ya kitabibu iliyokuwa ya siri na baadaye kufunguliwa, ikionyesha shingo na mgongo wa mtoto wa Rongelap mwenye vidonda vya kuungua. Tulifikiri picha itamsaidia kukumbuka. Mama aliishika kwa mikono miwili, akataja jina ambalo halimo katika maswali yetu wala katika taarifa ile, akailaza picha kifudifudi mkekani na kuweka kipepeo juu yake. Baada ya hapo alisema binti yake anakaribia kurudi kutoka kazini na chakula hakijapikwa. Tulikunja vifaa vyetu.

Dakika ya 41

Kazi ya kuandika nakala ilikuwa yangu, nami huwa naandika urefu wa kila kipande cha sauti pembezoni. Swali la mhoji kuhusu uzazi lilichukua sekunde sita. Tafsiri yake ilichukua sekunde 38. Kimarshall hakina urefu wa ajabu kiasi hicho. Nilimwomba mwanamke mmoja wa Marshall, msaidizi wa wauguzi ambaye hakumfahamu Mama, asikilize kipande hicho peke yake. Alisikiliza mara mbili, akavua visikizio, akacheka kidogo kwa huzuni.

Mkalimani hakuwa ameuliza swali lile. Alikuwa amesema, kwa maneno ya heshima na ya kuzungukazunguka, kwamba wageni wanauliza habari za wanawake. Kwamba yeye hawezi kuyatamka. Kwamba kama dada anataka kuzungumza, yeye atasema anahitaji maji, atoke nje. Na kama hataki, aseme neno lolote, naye atalifikisha. Mama alichagua neno lolote.

Neno alilotumia ni la kaka kwa dada. Mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Katika jamii ya Marshall, ambako ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako kamili, na baina ya kaka na dada kuna mwiko mzito juu ya mambo ya mwili na uzazi. Fomu yetu ilimwita binamu kwa sababu lugha ya fomu haina neno jingine. Mhoji angeweza kusamehewa. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo mtoto wa mama mdogo hakuitwa binamu hata kwa utani, na ambamo habari za mimba hukatika mara kaka anapopiga hodi. Nilisoma neno lile kwenye fomu kwa akili ya lugha ya kazini nikalipita.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikutana siku iliyofuata, na mjadala haukuwa mwepesi. Mhoji aliona tuna kikao kizuri cha saa moja na nusu, na kwamba kurudi kuuliza tena lile alilokwisha kulijibu ni kumsumbua mtu mzima. Hoja yake ilikuwa na uzito. Watu wa Rongelap wamerudiwa na wapimaji kwa miongo mingi, na taarifa moja ya maabara ya miaka ya 1950 iliandika waziwazi kwamba kuishi kwao kisiwani kungetoa takwimu zenye thamani kubwa kuhusu mnururisho katika miili ya watu. Mtu aliyewahi kufanywa takwimu ana haki ya kutojibu. Mimi niliona kwamba Mama hakuwa amekataa, bali hakuulizwa, na kwamba jibu lililokuwa kwenye kanda lilikuwa la adabu kwa kaka yake, si la swali letu. Kuliweka katika hifadhi ya nyaraka kama ushahidi kwamba hakupata shida ya uzazi kungekuwa uongo.

Tuliamua mambo manne. La kwanza, nirudi peke yangu, bila kinasa sauti, kumwambia tulichogundua na kumwomba radhi. Kama angesema yaishe, yangeisha. La pili, kama angekubali kuendelea, mkalimani awe mwanamke mtu mzima asiye wa ukoo wake. Alipatikana mmoja aliyetoka kisiwa kingine, mshirika wa kanisa tofauti na lake, jambo lililopunguza hofu ya maneno kuvuja ibada ya Jumapili. La tatu, mhoji abaki nje ya chumba. Aliikubali hiyo kwa moyo mgumu lakini aliikubali, akaandaa mada badala ya maswali. La nne, picha zisitumike tena.

Nilipokwenda, Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha aliniuliza kwetu kuna nini cha kula. Nikamweleza nazi, shelisheli, samaki, na uwanga, ule unga mweupe wa kiazi cha mwituni ambao wazee wa pwani walikuwa wakiupika uji. Nilimwonyesha kwa mikono jani lake lilivyo. Akapiga makofi. Nao wanao huo huo, wanaukuna, wanauosha kwa maji ya chumvi, wanauanika. Akasema: tuliporudi kisiwani, uwanga uliunguza mdomo.

Hilo halikuwa katika maswali 34. Tuliporekodi kikao cha pili, wiki moja baadaye, tulianza na uwanga, na hatukutoka kwenye chakula kwa karibu saa nzima. Mama alieleza jinsi mwaka 1957 walivyoikuta minazi na mikadi imesimama vizuri, kisiwa kimepakwa uzuri, nyumba mpya za mbao zimejengwa na Wamarekani. Alieleza watoto waliokula uwanga wakapata malengelenge kinywani, samaki waliokuwa wakiliwa siku zote sasa wakitapisha, na kaa wa nazi waliopigwa marufuku na madaktari wale wale waliosema kisiwa ni salama. Alieleza bibi mmoja aliyekuwa akionja kwanza kila chakula, akisubiri, ndipo awape wajukuu. Alipokuwa akimwigiza bibi huyo, mkono wake uliacha majani kabisa, akapeleka kidole ulimini, akafumba macho, akahesabu.

Kutoka hapo alifika mwenyewe kwenye habari za wanawake. Hakuulizwa. Mkalimani alisogea karibu naye, nami nikaangalia sakafu. Yaliyosemwa katika dakika 26 zilizofuata yamo katika sehemu iliyofungwa.

Ninachoweza kusema ni kile ambacho wanawake wengine wa Visiwa vya Marshall walikwisha kukisema hadharani wakijua dunia inasikia. Lijon Eknilang, mzaliwa wa Rongelap, alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague mwaka 1995 na kueleza mimba zilizoharibika, zake zikiwamo, na watoto waliozaliwa wakiwa kama yavuyavu, wale viumbe wa baharini wenye mwili wa utepetepe usio na mfupa. Wanawake wengi walikuwa wamenyamaza kwa miaka kwa kuamini kwamba kosa ni lao, au kwamba watadhaniwa kutokuwa waaminifu kwa waume zao.

Matokeo

Baada ya kikao cha pili tulimsomea Mama nakala nzima kwa Kimarshall, kazi iliyochukua alasiri mbili. Alifanya masahihisho matatu.

La kwanza lilihusu neno. Katika kikao cha kwanza mkalimani alikuwa ametafsiri kila mara "mionzi". Mama alikuwa amesema baijin, neno ambalo Kimarshall kimelichukua kutoka Kiingereza kwa maana ya sumu, na ambalo watu wa huko hulitumia kwa ule uchafu wa bomu ulioko ardhini, katika chakula na mwilini. Alituambia yeye hajui mionzi, ajuacho ni baijin, kwa sababu aliila. Tukabadilisha nakala yote.

La pili lilikuwa ule usiku. Alitaka irudi "mara tatu". Mkalimani wa pili alimwuliza ataje kila mahali walipolala, naye akahesabu kwa vidole: usiku wa kwanza nyumbani, watoto wakilia kwa kuwashwa, usiku wa pili nyumbani, baada ya wale wanaume wawili kuondoka, usiku wa tatu juu ya chuma. Manowari iliwachukua asubuhi ya tarehe 3 na kuwafikisha Kwajalein tarehe 4. Jeshi lilihesabu muda wa kukaa kisiwani. Yeye alihesabu muda wa kukaa na majivu kichwani, kwani nywele zao, hata kama walimwagiwa maji melini, ziliendelea kusuguliwa kwa sabuni siku baada ya siku kambini kwa sababu mafuta ya nazi yalikuwa yameyashikilia majivu. Hesabu zote mbili ni sahihi.

La tatu lilikuwa jina alilolitaja alipoona picha. Aliagiza lifutwe, kwa sababu ndugu wa marehemu yule wapo hai na hawakuombwa ruhusa.

Simulizi iliwekwa katika hifadhi kwa mafaili mawili. La kwanza liko wazi kwa wasomaji. La pili limefungwa, na ufunguo wa ridhaa anao binti yake, kisha wajukuu wa kike kwa mfuatano wa upande wa mama. Taasisi ilipendelea kuweka idadi ya miaka, kama kawaida yake. Mama alisema miaka haimjui mtu, binti anamjua.

Jamaa mmoja aliomba nakala ya faili la wazi ili itumike katika madai ya fidia. Tulimpa. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kutunukiwa fidia ya tezi na Baraza, akalipwa sehemu tu kabla fedha hazijakauka, na hakuonyesha matumaini yoyote kuhusu nakala hiyo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kurudi tukiwa tumeshika kosa letu mkononi. Sidhani Mama angezungumza na mkalimani mpya kama tungemleta tu bila kueleza sababu. Kubadilisha mtu kimya kimya kungeonekana ni mbinu, naye alikwisha kuzoea mbinu za watu wenye vifaa.

Kilichofuata kwa umuhimu ni kuacha mpangilio wa tarehe. Maswali yanayoanzia kwenye mlipuko yanamweka msimulizi katika hadithi ya bomu, ambamo yeye ni mtu wa pembeni anayethibitisha saa, upepo na rangi ya anga. Kwa mtu wa Rongelap, mlipuko wenyewe ulikuwa asubuhi moja, lakini kula chakula chenye sumu kulidumu tangu 1957 hadi 1985. Tulipoanza na chakula, tulipata miaka 28 ambayo orodha yetu ya maswali ilikuwa imeitengea maswali mawili. Nakiri kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati, kwa sababu Mama ndiye aliyeniuliza kwetu kunaliwa nini. Mhoji amekuwa akilifundisha baadaye kama mbinu, na mimi humkumbusha nani aliyeibuni.

Kumsahihisha msimulizi papo hapo kulikuwa kosa kubwa kuliko tulivyodhani. Mtafiti ana wajibu wa kulinganisha simulizi na nyaraka, hilo sibishani nalo. Lakini kulinganisha ni kazi ya mezani, baada ya kikao, na mahali pake ni katika faharasa au maelezo ya mhariri. Mbele ya msimulizi swali sahihi lingekuwa moja tu: mlilala wapi na wapi? Lingetupa manowari, chuma na mafuta ya nazi siku ya kwanza. Badala yake tulimwonyesha kwamba karatasi yetu inajua kuliko yeye, naye, kwa adabu, akatuachia karatasi yetu.

Inafaa pia kukumbuka karatasi zenyewe zilikuwaje. Tarehe 11 Machi 1954 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilitangaza kwamba Wamarekani 28 na wenyeji 236 walikuwa wamepatwa na mnururisho kwa bahati mbaya, kwamba hakuna aliyeungua, na kwamba wote wanaripotiwa kuwa wazima. Katika wiki zilizofuata madaktari wa jeshi walipiga picha za shingo, miguu na vichwa vyenye vidonda na nywele zilizonyonyoka, na picha hizo zikafichwa. Picha tuliyompa Mama ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo ndani ya chumba kile tulikuwa na nyaraka mbili za serikali moja zinazokanushana, na bado tuliyemtilia shaka ni yeye.

Hata hivyo simulizi nayo ina mpaka wake, na sipendi uchambuzi unaoupuuza. Historia ya uzazi ya mwanamke mmoja haiwezi kuthibitisha chanzo cha tatizo lake. Hilo linahitaji hesabu za watu wengi, na madaktari wa Brookhaven wenyewe waliona kwamba katika miaka ya mwanzo mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wafu miongoni mwa wanawake waliokuwapo Rongelap mwaka 1954 walikuwa zaidi ya maradufu ya wengine, kisha wakasema idadi ya watu ni ndogo mno kutoa hukumu. Simulizi inachoweza kueleza ni kwa nini hesabu zile zilikuwa ndogo. Madaktari walikuwa wanaume, wakalimani wao mara nyingi walikuwa wanaume wa kisiwani, na kisiwa kizima kilikuwa ukoo. Ni mara ngapi swali la sekunde sita liligeuka sekunde 38, na jibu likaandikwa kwamba wote ni wazima? Sisi tuligundua mara hiyo moja, kwa sababu tulikuwa na kanda. Wao walikuwa na daftari.

Kuhusu picha sina la kututetea. Tuliita kifaa cha kukumbushia kitu ambacho kwa Mama kilikuwa maiti ya mwenzake wa utotoni aliyepigwa picha bila ridhaa. Mtu mwingine angeweza kufaidika na picha kama ile, lakini aulizwe kwanza, aambiwe ina nini, na apewe siku ya kufikiri.

Jambo la mwisho lililoharibika hatukulirekebisha ipasavyo. Mkalimani wa kwanza ndiye pekee aliyefanya kazi yake vizuri siku ile: alimlinda dada yake, alimpa njia ya kusema na njia ya kunyamaza, na hakututungia uongo wowote. Sisi tulimwondoa, na kabla hatujapanga namna ya kumweleza, alipata habari kutoka kwa mtu wa kanisani kwamba wageni wamemleta mwingine. Alidhani tumemwona si mwaminifu. Mhoji alimwandikia barua ndefu ya kumwomba radhi, kisha akaenda kwake mwenyewe, wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mpira wa kikapu. Baadaye alitutumia ujumbe mfupi akiomba jina lake liondolewe katika orodha ya waliofanikisha kazi. Tuliliondoa. Katika faharasa ya faili la wazi, kwenye dakika ya 41, pameandikwa: mkalimani wa kwanza anazungumza, sekunde 38, haijatafsiriwa kwa ombi lake.